Chai ya Saa Tatu

Kwa miaka kumi na minane Raho hakunywa chai mbele ya mtu kabla ya saa tatu asubuhi.

Nyumbani kwa mumewe mjini Garissa yeye ndiye aliyekuwa akiamka wa kwanza. Alikoka moto, akachemsha maziwa ya ngamia pamoja na majani na iliki, akatia sukari ya kuuma meno, kisha akaliweka birika chini na kutoka kwenda kwenye zizi la mbuzi. Kumimina ilikuwa kazi ya Arbia, mke wa shemeji yake. Watu kumi na mmoja wa nyumba ile walikaa mkekani wakanywa, wakacheka, wakasimuliana ndoto zao, na Raho alisikia vicheko akiwa kule kwa mbuzi, akijifanya ana kazi nyingi. Jua lilipokwisha kupanda ndipo aliporudi, akakuta masazo yaliyopoa, akanywa peke yake.

"Tumbo la Raho ni la serikali," Arbia alizoea kusema. "Linafunguliwa pamoja na ofisi."

Watu walicheka, na Raho akacheka nao. Afadhali tumbo.

Kwa sababu ukweli ulikuwa mikononi. Mikono ya Raho ilikuwa na ukorofi wake wa asubuhi. Alipotoka tu usingizini, mabega yaliruka mara moja, mara mbili, kama ya mtu aliyemwagiwa maji baridi, na chochote alichoshika kiliruka nayo. Akili yake ilikuwa timamu, macho yanaona, masikio yanasikia, ila mikono haikumtaka ushauri. Nusu saa, saa nzima, kisha basi. Jua likishapanda anakuwa mwanamke kama wanawake wengine, na angeweza kubeba ndoo ya maziwa hadi sokoni bila kumwaga tone.

Hodo, mama yake, alikuwa na mikono hiyohiyo, na yeye hakuificha. Kule Hulugho walikokuwa wakichunga, wanawake walimfichia vikombe vyao na hawakumpa mtoto wao ambebe. Raho alipokuwa na miaka tisa, Hodo alianguka asubuhi moja akiwa karibu na moto, mwili mzima ukitetemeka, na hapakuwa na mtu jirani wa kumvuta. Watu walisema jini amekuja kuchukua chake. Raho hakusahau kwamba siku ya pili baada ya kumzika vile vikombe vilitolewa nje tena.

Alipoolewa na Warfa, mfanyabiashara wa ng'ombe, Shamso mdogo wake Hodo alimshika mkono akampa wosia mmoja tu. "Chai ya asubuhi usinywe mbele ya watu. Wakikuuliza, sema tumbo. Mwanamke mwenye tumbo bovu huvumiliwa."

Raho aliushika wosia huo kuliko wosia mwingine wowote aliopewa. Kifafa chenyewe, kile cha kuanguka, kilimpata mara mbili tu maishani. Mara ya kwanza alikuwa msituni akiokota kuni, akazinduka ulimi umeumwa na punda akimtazama. Mara ya pili ilikuwa siku moja baada ya kumzaa Bilan, na wakunga wakasema ni uzazi. Punda hakusema kitu, na uzazi ukabeba lawama. Basi akaishi hivyo, katikati ya watu, kila asubuhi akiwa mpweke kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Na alikuwa mpweke kweli. Hakuna siku ambayo aliizoea hali hiyo.

Bilan alikuwa mwanawe wa pekee. Alitimiza miaka kumi na minne mwishoni mwa mwaka 1995, msichana mrefu, mcheshi, anayeingia darasa la saba. Asubuhi moja ya likizo Raho aliingia ndani kuchukua kamba, akamwona mwanawe amekaa mkekani na kikombe mkononi. Mabega ya Bilan yakaruka. Kikombe kikatoka mkononi, chai ikamrukia adeer yake Mowlid, kaka mkubwa wa Warfa, kifuani. Bilan akacheka kwa mshangao. Watu wote wakacheka.

Raho alimzaba kofi.

"Shika vizuri!" alisema, na sauti yake hakuitambua mwenyewe.

Kicheko kikakatika. Hakuwahi kumpiga yule mtoto. Baadaye, kule kwa mbuzi, alimwita, akampangusa mashavu, na akamwambia yale aliyoambiwa yeye: chai ya asubuhi usinywe mbele ya watu. Bilan alimuuliza mama yake, "Kwa nini, hooyo?" Raho alijibu kwamba ni adabu. Hakuna jibu lililomchoma baadaye kuliko hilo.

Ramadhani ikaingia Januari. Bilan aliamshwa daku kila siku, akalala kidogo, akaenda shule. Wiki ya tatu alianguka kwenye gwaride la asubuhi mbele ya shule nzima. Walimu wawili wakamleta zahanati kwa mkokoteni wa maji, viatu havipo, mdomo una damu.

Daktari wa zahanati ile aliitwa Komora, Mpokomo wa huku chini mtoni, mtu mpole mwenye mwandiko mbaya. Kwa cheo hakuwa daktari, alikuwa ofisa wa tiba, lakini kwa watu wa Garissa kila avaaye koti jeupe ni daktari. Warfa alikuwa Hulugho akinunua ng'ombe, kwa hiyo Mowlid ndiye aliyeitwa kumsimamia Bilan, na Mowlid ndiye aliyejua Kiswahili cha kukaa kitini. Raho alikuwa na Kiswahili cha sokoni, cha kuuzia maziwa, p ikitoka b. Alikaa nyuma yao kwenye benchi.

Komora alichukua karatasi akaanza kuchora. Mwanamume alimchora mraba, mwanamke duara, na mgonjwa wa kifafa alimpaka wino mweusi. Akachora duara moja jeusi chini kabisa: Bilan.

"Ugonjwa huu wakati mwingine hutembea katika ukoo," alisema. "Nitajie ukoo wenu, mzee."

Kumwambia Msomali akutajie ukoo wake ni kumpa kiti cha enzi. Mowlid alikaa wima, akafumba macho, akaanza: Bilan Warfa, Warfa Alio, Alio Mustaf, Mustaf Muse, na kuendelea, baba juu ya baba, bila kukwama hata mara moja, mpaka majina ishirini na mawili. Komora aliacha kuandika kwenye la tisa. Karatasi ilikuwa imejaa miraba, mmoja juu ya mwingine, mieupe yote.

"Hakuna hata moja na kifafa," Mowlid alisema. "Wote watu ya nguvu. Wengine walikufa kwa fita."

"Na upande wa mama?"

Mowlid alishangaa kidogo, kama aliyeulizwa jina la mama wa ngamia. "Mama ni ya watu wengine," alisema. Lakini alikuwa mwungwana, akageuka akamuuliza Raho kwa Kisomali: "Anataka kujua kama kwenu kuna ugonjwa huu."

Raho aliiona ile karatasi. Aliliona lile duara moja jeusi, na juu yake jeshi la wanaume. Aliwaona tena wale wanawake wa Hulugho wakificha vikombe. Mowlid alikuwa anamtazama usoni, naye Mowlid alikuwa na mabinti wanne walioanza kuposwa.

"Maya," akasema. Hapana.

Komora akaandika: hakuna. Akampa Bilan vidonge vyeupe vya karbamazepini, kutwa mara mbili.

Vilikuwa vidonge vizuri kwa kifafa kingine. Kwa Bilan vilikuwa petroli kwenye moto. Hazikupita wiki nne, mabega yaliyokuwa yakiruka mara mbili yakawa yanaruka mara ishirini, hadi jua la utosi. Alianguka shuleni, akaanguka chooni, na mwezi Aprili akaangukia sufuria ya maziwa iliyokuwa inachemka, na paja lake likatoka ngozi. Raho ndiye aliyekuwa akimfunga kitambaa. Kila alipokifungua alijiambia: huyu ni Hodo, na aliyeficha vikombe safari hii ni mimi.

Warfa alirudi nyumbani, akamkuta binti yake amelala ubavu. Mowlid alikuwa ameshakata shauri. Dawa ya daktari ilikuwa imemchokoza jini, alisema, na ndiyo maana ugonjwa ulizidi. Kulikuwa na mtu Mandera anayejua kuwasemesha majini. Lori la ng'ombe lingeondoka Jumatatu, na Bilan angekwenda nalo akae huko mwaka mmoja, miwili, vyovyote itakavyokuwa. Na vidonge vyote vitupwe. Warfa alikubali shingo upande. Ilikuwa siku ya Jumamosi.

Raho aliaga kwamba anakwenda kuuza maziwa. Akaiacha ndoo kwa mwenzake sokoni, akaenda zahanati, akangoja mpaka mgonjwa wa mwisho ametoka. Hajapata kuingia katika chumba cha ofisi bila mwanamume wa kumsemea.

"Daktari," alianza, "ile siku mimi nilidanganya wewe."

Komora akaweka kalamu chini.

"Hii mkono ya Bilan iko kwangu. Iko kwa mama yangu bia. Asubuhi naruka, naruka, kikombe natuba. Jua ikibanda, naisha." Aliinua mikono yake juu ya meza, ikatulia tuli, nayo ilikuwa saa saba mchana. Karibu alie kwa hasira. "Sasa hakuna. Wewe naona hakuna. Lakini asubuhi iko!"

"Bilan naye? Kabla hajaanza kuanguka, mikono ilikuwa inaruka asubuhi?"

"Iko. Mimi nilibiga yeye kofi."

Komora alikuwa amefundishwa jambo hilo Nairobi, katika kozi ya wiki mbili: mtoto wa miaka kama hiyo akianguka, uliza habari za asubuhi. Alikuwa ameuliza habari za ukoo, akapewa wanaume ishirini na mawili, akasahau asubuhi.

"Kwa nini siku ile ulisema hapana, mama?"

"Wewe nauliza Mowlid. Mowlid naniuliza mimi. Mimi nitasema mbele ya Mowlid?"

"Kweli," alisema Komora. "Nilikuuliza kwa mdomo wa shemeji yako. Hilo ni kosa langu." Akavuta ile karatasi ya miraba na kuigeuza. "Lakini kosa linarekebishika. Hii ina jina lake na ina dawa yake. Huanza utotoni, ukubwani hukaa, huenda akaimeza dawa maisha yake yote. Anarithi mtu kama anavyorithi pua. Si jini. Vile vidonge vyeupe aviache leo, na hii nyingine aanze leo, asikae siku hata moja bila dawa. Alale vya kutosha, asiamshwe daku. Na siku akitaka kuolewa aje kwangu kwanza, kwa sababu dawa hii haipatani na mimba, itabidi tutafute njia. Dawa yenyewe hutoka Nairobi kwa basi. Baba yake akubali kuiagiza kila mwezi."

Hapo ndipo palipokuwa na mfupa. Warfa angekubali vipi dawa ya pili, ya daktari yuleyule, wakati ya kwanza ilimuunguza mtoto? Ingebidi aambiwe kwa nini ya kwanza ilikosea. Raho alirudi nyumbani na kifurushi kidogo ndani ya shuka yake na roho juu.

Jumapili hakuamka wa kwanza. Alijilaza makusudi, akasikia Arbia akilalamika huku akikoka moto mwenyewe, akasikia mkeka ukikunjuliwa, sauti ya Mowlid, kikohozi cha Warfa, na Bilan akiegemezwa ukutani. Ndipo alipoinuka na usingizi wake machoni, akaenda akaketi kati yao. Watu walimtazama kama mgeni.

"Nimiminie," alimwambia Arbia.

"Wewe? Saa hizi?"

"Saa hizi. Na glasi ijae."

Arbia akamimina hadi ukingoni, akicheka. Raho akaishika kwa mikono miwili. Mikono ikatulia. Mungu wangu, alifikiri, hata leo unanikimbia? Akaipeleka mdomoni, akavuta funda moja. Chai ya moto kumbe ilikuwa tamu hivi. Miaka kumi na minane.

Mabega yakaruka. Glasi ikaenda juu, chai ikamwagika kwenye kikoi cha Warfa na juu ya mkate, na kabla mtu hajasema neno yakaruka tena, na tena, na kila mtu pale mkekani aliyatambua, kwa kuwa walikuwa wakiyaona kwa Bilan kila siku. Arbia aliliondoa birika upesi, akalisogeza nyuma yake.

"Hii ndiyo ya Bilan," Raho alisema, mikono ikiendelea na mambo yake. "Imetoka kwangu, na kwangu imetoka kwa mama yangu. Hakuna jini wa kusemeshwa Mandera. Daktari alikosea dawa kwa sababu nilimficha. Dawa yenyewe ninayo. Jumatatu mtoto huyu haendi popote."

Mowlid aliangalia chini. Bilan alikuwa amemkodolea mama yake macho, mdomo wazi.

"Miaka kumi na minane," Warfa alisema polepole. "Ulikuwa unaniogopa mimi?"

"Nilikuwa nawaogopa nyote."

Lori liliondoka bila Bilan. Warfa aliagiza dawa, na lazima asifiwe kwa hilo, hakukosa kuiagiza hata mwezi mmoja. Kufika Juni mabega ya mtoto yalikuwa yameacha kuruka, paja limepona na kovu, na msichana amerudi shule.

Lakini habari ile haikukaa mkekani. Watu waliokuja kuposa kwa Mowlid wakaacha kuja, wa kwanza kwa udhuru, wa pili bila udhuru. Arbia akaanza kuvihesabu vikombe. Mwezi Agosti Warfa alikuja na wazee wawili, akasema maneno ya talaka yanayosemwa, macho yake yakiwa kwenye vidole vya miguu yake. Raho hakubishana. Mtoto ni wa ukoo wa baba, akabaki. Raho akaondoka na begi moja na birika, akahamia Bulla Iftin kwa Shamso, ambaye siku hizo alikuwa ameshapofuka na analala mchana na asubuhi vilevile.

Komora alimpa Raho naye vidonge, vingine, vidogo. Kwa siku nyingi hakuona tofauti, ila usingizi mzito. Kisha asubuhi moja aliamka, akaketi kitandani akiyangoja mabega yake kama unavyomngoja mgeni mwenye kelele. Hayakuja. Alichemsha chai, akaijaza glasi hadi ukingoni, akainyoosha mbele yake. Haikumwagika hata tone. Akahesabu mpaka mia. Haikumwagika.

Akageuka kumwonyesha mtu. Shamso alikuwa anakoroma. Nje hapakuwa na mtu. Raho alitamani mtu yeyote amwone, hata Arbia, hata wale wanawake wa Hulugho. Sasa ambapo angeweza kukaa mkekani na watu, mkeka haukuwepo. Alikunywa chai yote mpaka majani ya chini, akalia.

Siku alizoishi kwa ajili yake zilikuwa Jumanne za mwisho wa mwezi, siku ya kliniki. Mowlid alimleta Bilan, naye Raho alikuwa ameshafika na kukaa kwenye benchi tangu saa moja. Nusu saa walikaa pamoja, mama na mwana, mabega yametulia yamegusana. Kisha kila mtu akaenda zake.

Mwishoni mwa mwaka 1997 zikaja mvua za El Niño. Barabara ya Nairobi ikakatika, na maji yakaingia zahanati yakala mafaili yote. Bilan alivuka wiki zile kwa vidonge alivyokuwa ameviweka akiba, kimoja kimoja, kwa akili zake mwenyewe. Mwaka mpya ulipoanza, Komora akawaita wagonjwa wake mmoja mmoja kuanza upya. Bilan alikuwa na miaka kumi na sita. Komora akachukua karatasi nyeupe, akachora duara jeusi chini.

"Ukoo," alisema.

Mowlid akakaa wima, akafumba macho. "Bilan Warfa, Warfa Alio..."

"Adeer, ngoja," Bilan alisema kwa heshima, kwa Kiswahili chake kizuri cha shule. "Hao daktari hawahitaji." Akamgeukia Komora. "Andika: Bilan wa Raho. Raho wa Hodo. Hodo wa Kaaha."

Raho, aliyekaa nyuma yao, aligutuka. Jina la Kaaha alikuwa amelitoa kwa Shamso mwenyewe, akamnong'onezea mtoto pale kwenye benchi mara moja tu. Shamso alikumbuka kidogo: kwamba Kaaha, mama yao, alikuwa akipokea chai yake nyuma ya nyumba.

Komora akachora duara juu ya duara, akayapaka wino, yakawa manne. "Na Kaaha wa nani?"

Bilan akamtazama mama yake. Raho akatikisa kichwa. Wote watatu wakamtazama Mowlid, mwenye majina ishirini na mawili kichwani. Kwa mara ya kwanza Raho alimwona ana haya.

"Basi tuishie hapo," Komora alisema, akaanza kufunika kalamu.

"Hapana," Raho alisema. Akainuka kwenye benchi la nyuma, akaja mbele, akaweka kidole juu ya karatasi, pale patupu, juu ya Kaaha. Ilikuwa saa mbili asubuhi na kidole hakikutikisika. "Weka yeye juu. Jina hakuna. Lakini yeye iko."

Komora akafungua kalamu tena, akachora duara.